Mama Uji wa Watu

Ushirombo, 4 Machi 2024

Shikamoo Mama,

U mzima? Sisi wazima, ila miguu yangu imevimba hadi ndala hazinitoshi. Simu yako haipatikani, ndiyo maana barua nampa Eustace wa lori.

Mama, mimba imeingia mwezi wa tisa. Ulisema unakwenda Geita wiki mbili tu, kuwasaidia akina mama wa parokia kuwapikia uji watoto wa wachimbaji. Wiki mbili gani hizo zisizoisha? Eustace anasema mtaa mzima unakuita Mama Uji. Mama Uji! Tangu nizaliwe wewe ni Mama Asteria. Jina hilo nilikupa mimi, mwanao wa pekee. Naona wivu, sifichi. Nikijifungua, nani atanikanda maji ya moto?

Mwanao,
Asteria

Geita, 11 Machi

Marahaba mwanangu,

Hujambo? Mumeo Nestory hajambo? Mimi mzima, mgongo tu unanisumbua.

Wewe na wivu wako! Si ndiwe uliyenyonya mpaka ukajua kuniamuru, "Mama, kaa chini ninyonye"? Huku watoto wanafungiwa kwenye vibanda vya maturubai tangu alfajiri, mama zao wamekwenda kuponda mawe ya dhahabu. Tusipopeleka uji wanashinda njaa. Lakini kukukanda ni kazi yangu. Jumamosi nipokee stendi.

Mamako,
huku wananiita Mama Uji

Ushirombo, 17 Machi

Shikamoo,

Jana nilikaa stendi na tumbo langu mpaka basi la mwisho likapita. Leo Eustace ananiambia eti kuna katoto kanaitwa Wiliam, kanaumwa na hakali mpaka ukapakate, ndiyo maana ukabaki. Haya, kapakate. Mama mkwe atanikanda. Mikono yake mizito kama anatwanga muhogo, lakini yupo.

Asteria

Ushirombo, 8 Aprili

Shikamoo,

Hukujibu, na mimi sikungoja. Jumatatu ya Pasaka nimejifungua mtoto wa kike. Tuko wazima.

Mama mkwe alitaka aitwe Febronia kama yeye, na alistahili, maana amenikanda hadi nikalia. Nimekataa. Nimemwita Monika, jina lako. Usidhani ni heshima, ni wivu mtupu! Kila anayeniita Mama Monika anakutaja wewe, na hao watoto wa watu hata hawalijui jina hilo. Monika wangu ninaye kifuani, haendi kumpikia mtu uji. Usijisumbue kuja.

Mama Monika

Geita, 10 Aprili

Mama Monika, hamjambo nyote wawili?

Barua yako nimeisoma mbele ya sufuria, uji ukaungua. Wiliam, ambaye sasa anakula mwenyewe, kaniuliza nalilia nini. Nikamwambia ninaye mwanangu ananionea wivu, na haki anayo. Nilikukosea, mwanangu.

Mwiko nimemwachia Juliana, mwenzangu wa hapa jikoni. Kesho napanda lori la Eustace. Mama mkwe wako mpe asante, apumzishe mikono. Nitakukanda, utalia, halafu tutagombana vizuri. Arobaini ikiisha nitarudi kwa hawa watoto, nakwambia mapema usije ukanuna.

Maji yawe jikoni.

Ni mimi,
Mama Asteria