Laptopu ya Angelina Ina Homa

Jumatatu, tarehe 9 mwezi wa 9, 2024

Angelina kaja na laptopu. Kainunua Kigoma mjini kwa Oswald, yule kijana mwenye kiduka cha simu na ndevu tatu. Nimeipima mkononi. Nyepesi! Nyembamba kama sinia la harusi ya bahili. Kitu cha maana kina uzito. Redio ya marehemu mume wangu ilibebwa na wanaume wawili na inaimba mpaka leo.

Nikamuuliza, ndiyo hii? Akasema bibi, ni ya bei nafuu lakini kwa kazi za kawaida inatosha. Nafuu! Hilo neno la wagonjwa.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna ofisi huko Kalinzi inakusanya maneno ya Kiha, wanataka kutoa kitabu. Wamerekodi wazee wakiongea. Angelina anasikiliza, anaandika, kutwa. Wamempa mwezi mmoja ajaribu kufanyia hapa Ujiji, nyumbani. Ikishindikana ahamie kwao Kalinzi, kuna kompyuta kubwa na chumba cha kulala. Mjukuu niliyemlea tangu ana meno mawili! Mtu analipwa kuandika Kiha, mimi nakisema bure nikifukuza kuku.

Nikaipangusa meza. Laptopu ikakaa pale uchi. Nyumbani kwangu hakuna kitu uchi. Televisheni ina kitambaa, viti vina vitambaa, hata ndoo ya maji ya kunywa ina chake. Watu wakiingia wasije wakasema Rozalia kazeeka. Nimeanza kufuma leo leo. Sufu nyekundu na nyeupe.

Ijumaa, tarehe 13

Kitambaa kimekwisha. Siku nne! Tabaka mbili, cha kulalia. Marinda pande zote, nimeyapaka uji wa muhogo yakasimama wima kama askari. Laptopu imekaa katikati kama bibi harusi. Sasa inaonekana ni mali.

Angelina kasema asante bibi, kizuri sana. Kasema mara mbili. Mara ya pili sauti ilikuwa ndogo.

Jioni kaja jikoni na neno. Kila jioni anakuja. Mzee kwenye rekodi akisema kitu asichokijua, anakuja kwangu, anakaa kwenye kigoda, ananiuliza. Leo ni umuliro. Huyu mtoto na Kiha chake cha kuokoteza! Nikamwambia umuliro ni moto, hata mbuzi anajua. Akasema lakini bibi, mzee anasimulia mtoto aliyelala kitandani. Ndiyo — homa nayo ni umuliro. Moto wa jikoni na moto wa mwilini, Muha hakuona sababu ya kuupa majina mawili. Kaandika. Kacheka peke yake. Tukakaa mpaka ugali ukapoa.

Wale wa ofisini wangeyajua wapi hayo. Wanajua kukaa.

Jumatatu, tarehe 16

Imezimika! Yenyewe! Hakuna aliyeigusa.

Angelina kaanza kuandika saa mbili asubuhi. Saa nne feni ya ndani ikaanza kulia, kama mtu wa pumu anayepanda mlima. Saa tano — tii. Giza. Kurasa mbili zimepotea. Mtoto kashika kichwa.

Nikaishika tumboni kwa mgongo wa kiganja. Miaka thelathini nimebanika migebuka mimi, moto hauna siri kwangu. Unahesabu. Mkono ukivumilia mpaka kumi, huo ni moto wa kukausha. Ukishindwa kwenye sita, toa samaki, ngozi inaungua. Laptopu ni saba. Saba! Na hii ndiyo wanayowauzia watoto waweke mapajani.

Angelina kampigia Oswald, kaweka sauti ya nje. Oswald anasema hiyo ni ya matumizi ya kawaida dada, usiilazimishe. Nikamnyang'anya simu. Nikamwambia hebu nifundishe, matumizi ya kawaida ni yapi? Kulala? Kuandika ndiyo kunaifanya izimie, je ukiimba mbele yake itakufa?

Akajibu: "Shikamoo bibi."

Eti sasa ndiyo kakumbuka shikamoo. Sikuitikia. Nikakata.

Jumanne, tarehe 17

Imezima mara tatu. Kila mara Angelina anafunga, anasubiri, anaanza upya.

Kaja jirani Mwinshehe, fundi cherehani. Hakuitwa. Kasema ni bati, bati linashusha joto, laptopu ikae kivulini chini ya mti. Mti! Kwani mbuzi hiyo? Akasema basi tuloweshe taulo tuifunike. Cherehani yake mwenyewe inakunywa mafuta kuliko lori na bado inaruka mishono, halafu anakuja kuganga mashine za wenzake. Nimemsindikiza mpaka barabarani nihakikishe kaondoka.

Jioni Angelina kaleta neno moja tu. Hakukaa kwenye kigoda. Kaulizia mlangoni.

Alhamisi, tarehe 19

Kaipeleka dukani kwa Oswald asubuhi. Karudi alasiri. Kasema kule imefanya kazi masaa matatu, haikuchemka, haikuzima. Oswald anasema ni nzima kabisa.

Nzima! Basi nyumba yangu ndiyo mgonjwa?

Nikamuuliza kasema nini kingine huyo. Angelina kaangalia meza. Kasema hakuna, bibi. Kaiweka mahali pake, katikati ya marinda, kaifungua, kaandika. Saa kumi na moja ikazima. Safari hii hakushika kichwa. Kachukua simu, katoka uani.

Sikusikiliza makusudi. Dirisha ni langu na masikio ni yangu. Alikuwa anaongea na Kalinzi. Kasema laptopu inachemka sana, kwa kazi za kila siku haifai, nimejaribu, nitakuja Jumapili.

Jumapili! Hii hii ya mtondo!

Sikula. Samaki alizidi chumvi.

Ijumaa, tarehe 20

Leo nimekwenda mwenyewe. Angelina nimemwambia naenda sokoni. Laptopu nimeiviringisha kitenge, nikaitia kwenye kikapu pamoja na kitambaa chake. Siwezi kupeleka kitu mjini hakijavaa.

Oswald kaniona akasimama. Shikamoo bibi. Nikamwambia marahaba, na leo sitoki hapa mpaka kitu chako kichemke mbele ya watu. Palikuwa na wavuvi wawili wanatafuta chaja. Nikawaambia nanyi kaeni, mjifunze msije mkaibiwa.

Akaiweka juu ya kioo cha kaunta. Akawasha miziki, akawasha picha za mpira, vyote kwa pamoja. Nikavuta stuli. Mkono tumboni. Saa nzima! Nikahesabu kumi, ishirini, arobaini. Vuguvugu tu. Kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga.

Nikamwambia umeibadilisha. Akacheka. Akasema bibi, nimeibadilisha saa ngapi na wewe umeikumbatia?

Nikaona sibishani na mtu wa ndevu tatu. Lakini mali yangu haiwezi kukaa juu ya kioo ambacho kila mtu kakipumulia. Nikatoa kitambaa, nikakitandaza vizuri, marinda nikayasimamisha, nikairudisha juu. Sikuwa na nia nyingine. Adabu tu.

Haikupita robo saa feni ikaanza. Pumu ile ile. Nikashika. Kumi na tano. Kidogo tena — kumi. Kidogo tena — saba.

Mvuvi mmoja, mfupi, akasema mama, sufu nzito hivyo si bora ungemvisha mjukuu. Mwenzake akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Niliwaona. Nimezishika sura zao.

Oswald hakucheka. Afadhali angecheka. Akaigeuza chali, akanionyesha vitundu huku chini na pembeni. Akasema bibi, inavutia hewa hapa na kutolea hapa. Umeiziba pua.

Pua tumboni! Nani alimtuma mtu atengeneze kitu chenye pua tumboni? Mungu mwenyewe pua aliiweka juu, na hakuna aliyemlalamikia.

Akasema bila kitambaa hii inafanya kazi kutwa. Si ya kuchezea michezo mikubwa, lakini kuandika, kusikiliza, haina shida. Iwe kwenye meza tupu. Halafu akasema, tena kwa upole, mjinga yule: "Lakini jana nilimweleza mjukuu wako yote haya. Nilimwambia akitoe. Hakukwambia?"

Nikamwambia aliniambia.

Nikafunga kikapu. Nikatembea mpaka nikavipita vituo viwili vya magari sijaona hata kimoja.

Alijua. Kutoka jana alijua. Karudi nyumbani kaiweka juu ya kitambaa kwa mikono yake, kaisubiri izime, kapiga simu.

Jumamosi, tarehe 21

Anafua. Anakunja. Anaimba kidogo kidogo, halafu anakumbuka, ananyamaza.

Sijasema. Naye hajasema. Tumepishana mlangoni leo mara kumi kama wageni wa nyumba ya kulala wageni.

Nimewaza hivi. Kama alinyamaza kwa kunihurumia, hilo ni tusi. Rozalia si wa kuhurumiwa na mtoto. Miaka thelathini nimesimama kwenye moshi, nimesomesha watoto wanne, mimi mwenyewe nimejifunza kuandika ukubwani, usiku — leo nihurumiwe kwa sababu ya nyuzi? Na kama alinyamaza kwa kuwa anataka kwenda na laptopu kaifanya sababu, hilo ni tusi jingine. Angesema. Bibi, nimechoka na wewe, naenda. Sentensi fupi.

Sijui lipi kati ya haya ni dogo.

Oswald ni mpumbavu. Kufuma sijafundishwa na duka. Kitambaa nimekirudisha mezani, laptopu juu yake.

Jioni hakuleta neno. Rekodi ilikuwa inaongea kwenye simu chumbani kwake, mzee fulani wa Kalinzi, Kiha kizuri, cha zamani. Nikasikia neno ambalo najua hawezi kulijua. Nikasubiri jikoni. Ugali ukapoa. Nikampa kuku.

Jumapili, tarehe 22

Naandika haraka. Kanisani sikwenda.

Bariki wa bodaboda ameambiwa aje saa tatu, ampeleke Mwandiga akapande gari la Kalinzi. Saa mbili Angelina kaingia bafuni. Nikasimama mezani. Nikatoa kitambaa. Nikaiweka laptopu juu ya mbao tupu, nikaiwasha kama nilivyomwona akiiwasha, nikabonyeza ile rekodi. Mzee akaanza kuongea sebuleni kwangu kama mtu aliyealikwa.

Katoka bafuni na khanga, maji yanachuruzika. Kasimama.

Kasema: "Bibi, umetoa kitambaa."

Nikasema nimekitoa, kichafu, kinafuliwa.

Kaangalia kamba ya nguo nje. Haina kitu. Kaniangalia mimi. Mzee anaendelea tu na habari zake za mashamba.

Kasema: "Bibi, nilijua."

Nikamwambia najua ulijua, Oswald ana mdomo mpana kama ndoo. Nikamwuliza moja kwa moja, sikuzunguka. Ulinyamaza kwa ajili yangu, au kwa ajili ya Kalinzi? Sema moja. Usinipambie.

Akakaa kwenye mkono wa kochi, mahali nisipotaka watu wakae. Sikumkemea. Akasema kwanza aliogopa, ulikifuma siku nne bibi, ningekitoaje mbele yako? Nikamwambia kwa mkono. Mtu hutoa kitu kwa mkono. Akataka kucheka ikashindikana. Halafu akasema siku ile akirudi kutoka dukani, njiani, aliona kama mlango umefunguka. Akasema ana miaka ishirini na sita. Hajawahi kulala nyumba nyingine.

Nikasema basi ni Kalinzi.

Akasema: "Ni vyote viwili, bibi."

Vyote viwili! Jibu gani hilo? Jibu la mtu aliyelelewa asidanganye. Na aliyemlea ni mimi, kwa hiyo lawama nimpe nani.

Nikataka kumwambia aende, njia haina mlango. Nilikwisha fungua mdomo. Kilichotoka ni kingine. Nilisema: mwana wanje, mwanangu, lile neno alilosema huyu mzee jana jioni, kule Kalinzi watakudanganya. Wale ni wadogo. Hawakulikuta.

Akauliza neno gani.

Ndipo Bariki akapiga honi. Huyu naye! Saa tatu kasoro! Miaka yote hajawahi kuwahi hata msiba.

Angelina kavaa haraka, katoka kwenda kuongea naye. Begi kaliacha mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Nami nimekamata daftari kwa sababu mikono haina kazi. Laptopu inaendelea, karibu saa nzima sasa, haina hata jasho. Nasikia wanaongea huko nje lakini pikipiki inanguruma, sipati maneno. Bariki anasema kitu. Angelina anasema kitu kirefu zaidi.

Pikipiki imezimwa.