Mama amemkimbia mkwe akiwa ndani ya roboti

Dorcas, uko hewani?

Unajua tangu kiharusi kimpooze mama upande wa kushoto, tunampeleka kliniki ya mazoezi kule Buhongwa kuvishwa ile miguu ya roboti. Mashine inatembea, yeye amelegea tu kama gunia.

Sasa leo mtaalamu wa mazoezi si kamwambia mume wangu Chenge, "Kaka, mshike mama kiunoni." Kiunoni, Dorcas! Mkwe ambaye hata kupeana naye mkono hawajawahi! Mimi naongea na nesi, kugeuka hivi, Chenge keshanyoosha mikono.

Mama akapiga ukelele: "Mkwe wangu asiniguse!" Akaondoka. Na miroboti yake yote, akaondoka! Mpaka ukutani!

Chenge kajifungia kwenye gari, simu hapokei. Mama kajifunika kanga usoni, analia. Nimebaki nazunguka hapa kama kichaa.

Mtaalamu yeye anaangalia kioo cha mashine, anacheka. "Mguu wa kushoto leo umesukuma wenyewe! Kesho mje tena na huyo mkwe."

Nikasema haiwezekani, kwetu ni mwiko.

Kanga ikafunuka jicho moja. "Aje," mama akasema. "Ila akae mlangoni."