Keji Mlangoni kwa Seline

Jumamosi, 9 Agosti

Kalondu, mke wangu, amesema nikitaka kuongea usiku niongee na kitabu, yeye anaamka saa kumi kukanda mandazi. Sawa. Kitabu, niaje. Mimi ndiye Nzuki, fundi wa chuma, nimechomelea mageti kutoka Juba mpaka Mombasa na hakuna hata moja limewahi kuanguka. Lile la Athi River liligongwa na lori. Hiyo si kuanguka.

Jumamosi ijayo tunaenda kujitambulisha kwa Seline, yule jirani yetu anayeuza dagaa wa omena hapa Kisumu Ndogo, Kibera. Duncan, mtoto wa marehemu dada yangu, amependana na binti yake, Apondi. Msemaji wa upande wetu ni mimi. Nani mwingine? Safari yenyewe ni hatua arobaini na mtaro mmoja wa kuruka, lakini tutavaa suti.

Seline amefuga majogoo watano tangu Februari kwa sababu ya siku hiyo. Wajaluo hawachezi hapo. Mgeni wa maana asipowekewa jogoo aliyelelewa na mkono wa mwenye nyumba, ni kama amefungiwa mlango. Broila ya duka? Afadhali uwape chai wakalale. Apondi amewapaka wote rangi ya kucha, zambarau, ndio wasichanganyike na kuku wa ploti. Majogoo wamefanyiwa kucha! Kalondu mwenyewe hana.

Sasa leo asubuhi — mmoja ameuawa. Kichwa hakuna, manyoya mpaka kwa mlango wa kanisa. Seline ameshika kiuno. Kaka yake, Oketch, anayekaa naye, akasema ni mbwa. Mimi nikachuchumaa, nikaangalia damu kwa mabati, nikasema kwa sauti ya daktari: huyu ni mnyama wa msitu wa Ngong, anapita juu ya paa. Nikaahidi kutengeneza keji ya kumnasa. Nikaongeza kwamba akipotea jogoo mwingine kabla ya Jumamosi, nitaingia kwa hiyo keji nilale ndani mimi mwenyewe.

Mdomo wangu huu. Ungekuwa na breki ningekuwa mbunge.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisa sikuenda. Mungu ataona nilikuwa kazini.

Keji imeisha. Nondo nyembamba, waya wa matundu madogo, urefu kama sanduku la shule. Ndani kuna kibao. Mnyama akikanyaga, waya unavutika, mlango unashuka nyuma yake, pap. Lakini maajabu ni mlango wenyewe. Mafundi wengine wakichomelea mlango, ukiufungua unalia mpaka mtaa wa Ayany wanauliza nani anachinjwa. Wangu umepakwa grisi, unapanda na kushuka kimya kama mwizi wa kanisa. Nimeufungua mara thelathini mbele ya watu. Kalondu amesema inatosha.

Chambo — Seline ametoa omena.

Jumatatu, 11 Agosti

Tumenasa paka.

Si mmoja. Huyo wa kwanza nikamfungulia, nikatega tena. Saa moja baadaye, mwingine. Halafu wa Pastor Wesonga, mweupe, mwenye shanga shingoni. Halafu wa Pastor tena! Alikuwa ameelewa biashara: unaingia, unakula omena, mjinga wa kukufungulia anakuja. Kufikia jioni alikuwa analia nikichelewa.

Oketch amecheka mpaka akakaa chini. Ameniuliza kama paka wa Pastor ndiye simba niliyesema. Huyu jamaa siku hizi hacheki sana, tangu ile site ya maghorofa kule Soweto East iwafute kazi. Nikamwacha acheke. Hiyo nilimpa bure.

Jumanne, 12 Agosti

Nimebadilisha. Omena kwaheri. Nimeomba matumbo ya kuku kwa bucha, nikaweka na yai moja. Halafu nikafunika keji na gunia jeusi, kwa sababu mnyama wa msitu anapenda shimo, hapendi stoo ya vyuma.

Hapo ndipo mambo yalianza. Mkamba amefunika kitu na gunia jeusi mlangoni kwa mtu! Kufikia saa nne ploti nzima inajua nimeleta kamuti, uchawi wa Kikamba, kutoka Kitui. Mama wa mboga anapita mbali. Mtu ameniuliza polepole kama mwizi atavimba ama atakula nyasi. Mimi natoka Machakos, kamuti nimeiona kwa stori tu kama wao. Lakini ningekataa vipi zawadi kama hiyo? Nikainama kwa gunia, nikaimba Kikamba kidogo. Ulikuwa wimbo wa kulaza mtoto. Oketch aliruka mtaro bila kuangalia.

Kalondu ameambiwa sokoni. Amesema, Baba Mwongeli, siku moja utacheka peke yako.

Jumatano, 13 Agosti

AMENASWA.

Saa kumi na mbili asubuhi nimeinua gunia na macho mawili yananiangalia. Ni kama paka, lakini paka aliyevutwa kutoka pande zote mbili. Madoadoa meusi ubavuni, mkia mrefu wa pete pete, pua kama ya panya tajiri. Ananuka vikali. Na ni mrembo, nisidanganye. Watu wamejaa. Wamenibeba juu! Nimepigiwa makofi na watu ambao hawajawahi kunisalimia.

Halafu Seline akafungua kibanda cha kuku.

Hakuna. Wote wanne, hakuna hata mmoja.

Umati ukasema huyu shetani amemaliza wote kabla ya kuingia kwa keji. Mimi nikaangalia chini. Hakuna unyoya. Hakuna tone la damu. Na huyo mnyama tumbo lake limenyooka kama rula — majogoo wanne amewaweka wapi? Mlango wa kibanda ulikuwa umerudishiwa na kufungwa na kamba vizuri. Mnyama gani anafunga kamba?

Nilipaswa kusema hapo hapo. Lakini nilikuwa bado juu mabegani, kitabu. Kutoka huko juu mtu haoni vizuri kitu kidogo kama ukweli.

Seline amekaa kwa ndoo ya omena, ameweka leso usoni. Amesema atawapigia watu wetu waje Desemba, hawezi kukaribisha wageni kwa meza tupu. Duncan amesikia, amekuwa rangi ya majivu. Desemba yeye atakuwa Qatar kwa kazi ya ulinzi, mkataba wa miaka miwili. Na hakuna mtu aliyenikumbusha ile ahadi ya kulala kwa keji. Wangenikumbusha ingekuwa afadhali.

Nimepigia simu watu wa wanyamapori. Mama mmoja ameniuliza nani alinipa ruhusa ya kutega. Nikamuuliza nani alimpa mnyama ruhusa ya kuhamia Kibera. Hakucheka. Amesema anaitwa kanu, nisimguse, nimfunike, nimpe maji, watakuja. Lini? Watakuja.

Alhamisi, 14 Agosti

Jina langu limefika mbali. Watu wawili wa Ayany wanataka keji, eti tumbili wanaingia jikoni na kufungua friji. Kwa hivyo nikaenda Kawangware kutafuta waya kwa Jeconia, yule wa vyuma kuukuu.

Nyuma ya vyuma vyake, kumefungwa majogoo wanne. Nikapita. Nikarudi. Nikainama.

Kucha zambarau.

Nikamuuliza Jeconia, hawa warembo ni wa nani? Akasema bila wasiwasi: ni wa Oketch, rafiki yake wa mjengo, ameomba awalinde mpaka Jumapili halafu atawachukua. Hataki wauzwe, hataki waliwe. Hata amelipia mahindi yao.

Sikununua waya. Nimerudi kwa mguu mpaka nyumbani, na sikuongea na mtu yeyote. Kalondu ameweka mkono kwa paji langu kuona kama nina malaria.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilimwita Oketch karakana. Nilikuwa nimepanga hotuba kali. Hata sijafika katikati, akanyoosha mkono wa kulia. Ameukuna mpaka umevimba. Unamwasha tangu Jumatano, amesema. Halali. Ameomba nimtoe kamuti.

Ningecheka, kitabu. Wallahi nilikuwa naenda kucheka. Halafu akasema jambo.

"Omera, ndugu yangu, mimi ndiye mjomba. Nitakaa pale mbele yenu, niulize maswali ya wazee, na hivi viatu ni vya kuazima. Dada yangu ndiye ananilisha. Nilitaka tu Desemba ifike, pengine nitakuwa nimepata kazi."

Nikaangalia viatu. Vilikuwa vya mlinzi wa kanisa, kimoja kimefungwa na waya. Hakujua habari ya Qatar. Nilipomwambia, alikaa chini kwa udongo.

Basi. Nimempa viatu vyangu vya Juba, vile vya ngozi ambavyo vinalia nikitembea. Tulienda Kawangware pamoja, tukarudi na majogoo kwa gunia. Halafu tukakaa nyuma ya karakana, wanaume wawili wazima, kila mmoja amembana jogoo kwapani, tunafuta zambarau kwa kucha za kuku na thina ya rangi. Jogoo mmoja alimpiga Oketch usoni. Tulicheka mpaka machozi. Mkono wake niliupaka thina pia, nikaimba ule wimbo wa mtoto. Amesema kuwasha kumeisha hapo hapo. Mimi ni daktari, nilisema tangu mwanzo.

Jioni nikawapeleka kwa Seline: zawadi kutoka upande wetu, majogoo wa Machakos. Eti kwa sababu mnyama amekula wako, Mama Apondi, hatuwezi kuacha siku ianguke. Amenishika mikono yote miwili. Amesema, Fundi, wewe ni mtu. Duncan alitaka kunikumbatia, nikamwambia aniache, nanuka thina.

Kanu bado yuko kwa keji, chini ya gunia. Watu wa wanyamapori wamesema kesho. Nimempa maji. Amekunywa huku ananiangalia.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika hii nje, mchana, nimekaa juu ya keji. Kitabu nilikuwa nacho mfukoni kwa sababu hotuba yangu ya usemaji iko kurasa za nyuma. Wote wako ndani, wananisubiri. Niandike haraka.

Tumefika vizuri. Hatua arobaini, suti, mtaro. Mimi na malapa ya Kalondu, nimewaambia nina kidonda. Oketch alitupokea mlangoni kama waziri, viatu vinalia kwii kwii. Ameuliza maswali ya wazee, na ameuliza vizuri. Duncan amejibu. Seline anacheka. Nyumba inanukia jogoo. Nimetoa mzaha wa tatu, wameanguka.

Halafu mmoja wa wazee wao akasema kabla ya kula, huyo mwizi wa kuku auawe hapo nje. Nyumba isile na adui yake mlangoni. Vijana wakashika rungu. Seline akasema ni sawa, amemliza siku tatu, afe. Nikaangalia Oketch. Oketch akaangalia viatu vyangu, vile amevaa.

Ndipo Apondi akaleta maji ya kunawa. Alinimwagia polepole kuliko wengine. Akainama kama anayeokota sabuni.

"Baba Mwongeli, nilikuwa nanyonyoa jogoo wa Machakos. Kidole kimoja mmesahau. Hiyo ni rangi yangu."

Akasema tena, polepole sana.

"Sitaki kujua ni nani. Lakini huyo wa nje hakula hao kuku, na nyinyi mnajua."

Akaenda kwa mwingine na birika.

Nikasimama, nikasema nipewe dakika mbili nitayarishe keji, mnyama asirukie watu. Wamekubali. Mimi, msemaji! Maneno yote nimekuwa nayo tangu nizaliwe, na sasa sina hata moja. Nikisema ukweli, Oketch ameisha mbele ya wageni, kwa nyumba ya dada yake, uchumba umevunjika, na mwezi wa kumi na mbili Duncan yuko Qatar peke yake. Nikinyamaza, huyu hapa chini anakufa na jogoo mmoja tu kwa roho yake. Na huyo mmoja alimla kwa sababu ya njaa. Sisi wale wanne tuliwachukua kwa sababu gani?

Nasikia anapumua. Tumbo linapanda, linashuka, linagusa waya chini yangu.

Mlango wa keji umeelekea ukuta wa nyuma, hakuna anayeona. Kutoka hapo ni mabati, mti wa kando ya mto, halafu msitu. Grisi bado ipo.

Kwii. Kwii. Kwii.

Ni Oketch, anazunguka nyumba. Ndani Mama Apondi anaita, Fundi, uko tayari? Oketch amechuchumaa kando yangu, amevuta suruali isichafuke. Ameangalia mlango, ameniangalia mimi. Ameweka mkono wake wa kulia, ule uliokuwa unawasha, kwa komeo. Mlango unapanda, kimya kama mwizi wa kanisa.