Nukta za Shangazi

Jumatatu, 9 Juni

Daftari la vipimo la shangazi limeingia lote kwenye kompyuta! Wateja mia moja na kumi na wawili. Siku nne za kunakili, shingo imekuwa ya mbao. Sasa mteja anafungua tovuti kwenye simu, anaandika namba yake, anaona vipimo vyake na kama nguo iko tayari. Mwalimu wa kompyuta amesema mradi usiotumiwa na mtu haupati alama, hata ukimeremeta. Ijumaa atakuja dukani kuona kama shangazi anautumia kweli. Leo shangazi amekata gauni la mteja wake Nesi kwa kusoma skrini tu. Daftari hakuligusa!

Jumatano, 11 Juni

Gauni la Nesi halifungi. Zipu imegoma katikati. Nesi aliuliza kama kompyuta imepunguza kitambaa au imemnenepesha yeye. Shangazi hakucheka. Nimelinganisha mara tatu: kiuno 36 kwenye daftari, 36 kwenye skrini. Sijakosea! Mbona linabana?

Alhamisi, 12 Juni

Ni nukta. Kando ya baadhi ya majina kuna nukta ndogo za kalamu — nilidhani ni uchafu wa inzi. Shangazi alinieleza huku akifumua mshono. Nukta moja: huyu hujibana tumbo akipimwa, mwongezee inchi. Nukta mbili: huyu anataka nguo ya kubana lakini atalalamika, mwachie kitambaa cha kufungulia. Nikauliza kwa nini haandiki tu namba ya kweli.

“Namba ni yake, mwanangu. Nukta ni yangu.”

Sijaelewa. Kama 36 si kweli, mbona anaiandika? Na kama ni kweli...? Mwalimu alitufundisha kwamba data ni kile kilichopimwa. Basi nukta ni nini? Nimeongeza safu ya nukta, nimeijaza yote. Shangazi amesema kesho ni mara ya mwisho kuijaribu kompyuta. Nguo ikiharibika tena, anarudi kwenye daftari lake.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika nyuma ya pazia la kupimia. Nimesema natafuta chaja.

Mwalimu yuko kwenye stuli na karatasi yake ya alama. Mambo yalikuwa yanakwenda! Shangazi alifungua jina la Nesi kwenye kompyuta, akasoma, akalegeza ubavuni — zipu ikapanda yote. Mwalimu akaandika kitu. Kisha Nesi, kwa furaha, akafungua tovuti kwenye simu yake. Safu ya nukta sikuificha. Sikufikiria kuificha!

“Fundi, hizi nukta tatu kwenye jina langu ni za nini?”

Tatu. Nilizinakili bila kuzihesabu; nilielezwa moja na mbili tu.

Nikakimbilia humu na kuchungulia: shangazi alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini taratibu, bila kumtazama mtu.

“Muulize fundi mwenzangu,” akasema. “Yuko nyuma ya pazia.”

Fundi mwenzangu — mimi. Chini ya pazia naona viatu vyeupe vya Nesi. Vimesimama, vinangoja jibu.