Siku Gaju Alipokata Kamba

Mujukuu wangu Odile,

Amahoro. Huku Gatete tuko salama. Goti la babu yako limepona, na ng'ombe amezaa jana, ndama ameshasimama.

Umeniuliza kama nimekasirika kwa sababu umebaki Bujumbura. Ngoja nikuambie.

Tuliporudi kutoka Tanzania, mzee mmoja wa mlimani alitupatia ng'ombe wa urafiki, jina lake Gaju. Ng'ombe wa namna hiyo akipotea, utamtazama vipi aliyekupa? Hata alipozaa, nilizidi kumfunga mlangoni, nikamkatia majani mwenyewe. Akakonda, maziwa yakapungua.

Siku moja akakata kamba. Nilipanda mlima nikilia, natafuta maneno ya kumwambia mzee. Nikamkuta Gaju kwake, anakula nyasi bila haraka.

Mzee akacheka. "Amekuja kunisalimia. Ndama yake iko kwenu, mama. Mwache ashibe."

Jioni Gaju alishuka mwenyewe, tumbo limejaa. Nilimshika shingo nikacheka peke yangu.

Tangu siku ile sifungi ng'ombe. Sasa nikufunge wewe? Kula ushibe huko. Mlango unaujua.

Bibi yako, Yosefa