Cheti cha Mteja Bora

Karakanani, nyuma ya nyumba,
Jumapili jioni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Na wale mapacha, bado wanagombania mto mmoja? Sisi tu wazima wa mwili. Miguu yangu inavimba kwa kusimama kutwa nikivalisha makochi vitambaa, lakini hiyo umeizoea.

Nakuandikia kwa sababu ya kaka yetu, Bosi. Amenichosha hadi kichefuchefu. Alikuomba hela za kumtibu Mama, ukatuma, na sasa anasubiri nyingine. Mama haumwi. Bosi ana madeni: benki, muuza mbao, na wale wakopeshaji wa kwenye simu.

Unajua alifikaje huko? Kwa kupenda sifa. Rejesho la benki likikaribia, anakopa kwenye simu ili alipe kwa wakati. Wa simu wakimbana, anachukua mbao kwa mkopo na kuziuza kwa bei ya kutupa. Benki ikampa cheti cha mteja bora! Amekitia fremu, kinaning'inia juu ya mashine ya randa, na kila anayeingia lazima aoneshwe. Natamani kukitemea mate.

Maji yalipomfika shingoni akataka kutangaza kufilisika, kana kwamba ni kuvua koti. Mwanasheria akatufafanulia kuwa karakana na nyumba anayolala Mama vingeuzwa. Kisha Bosi akamleta jamaa mwenye viatu vya kung'aa anayejiita mfuta madeni. Eti alipwe kwanza, na sisi tusipokee simu za wanaotudai. Bosi akamkalisha kwenye kochi la mteja, akamwagizia na soda. Nilimtoa nje mkasi ukiwa mkononi.

"Wewe unajua nini kuhusu madeni?" Bosi akanifokea.

"Najua kubisha hodi," nikamjibu.

Basi nikaenda kubisha. Muuza mbao alinisema mpaka nikatamani ardhi ipasuke, lakini akakubali kurudishiwa mbao zilizobaki ambazo hazijapasuliwa, na salio tulipe kidogo kidogo. Wa simu walikubali kupokea pungufu ili mradi tulipe kwa mkupuo, kwa hiyo tumeuza pikipiki ya Bosi. Aliililia pikipiki ile kama mtoto, na mimi nilimwangalia tu kwa kinyaa.

Imebaki benki. Iko tayari kurefusha muda na kupunguza rejesho la kila mwezi. Ila nyumba ndiyo dhamana, na tuliiweka mimi na wewe pale Bosi alipotwambia mkopo ni wa mashine. Bila sahihi yako mpango huu hauendi, na nyumba itapigwa mnada. Fomu iko ndani ya bahasha hii. Itie sahihi uirudishe kabla mwezi haujaisha. Bosi usimtumie hata senti.

Kuna jingine, na ndilo linanitia uchungu zaidi. Siku ile ulipopiga simu ukamsikia Mama akikohoa mpaka ukalia, alikuwa mzima kabisa. Bosi alikaa kando yake, akimnong'oneza aongeze. Naye Mama akaongeza! Nilipolijua hilo nilishindwa kula alichopika.

Msalimie sana wifi, wapakate mapacha kwa niaba yangu, na shangazi akipita kwenu mwambie namkumbuka. Mungu awape riziki ya halali na usingizi usio na wasiwasi. Bosi hajui kama ninaandika.

Nilimwuliza Mama nikuandikie nini kutoka kwake. Akageukia ukutani, akavuta shuka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema, "Mwambie akiacha kunipigia, nitaelewa."

Mpigie, Kitinda. Mimi bado siwezi kuongea naye.

Ni mimi nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Dada yako.