Mume Wangu Anasubiri Asali ya Nyigu

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba usinicheke, mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani, na juu ya mlango wangu, chini ya bati, nyigu wamejenga, mume wangu alipowaona akakimbilia dumu la petroli, na huyu mwaka jana alichoma siafu akaunguza mlango wa choo, basi kwa kuogopa moto nikamwambia, "Baba Pacha, waache, hao ni nyuki," tangu hapo sina amani, amenunua chupa sita, kila asubuhi anasimama pale na wimbo wake wa fuata nyuki ule asali, wateja wangu wanaogopa kusogea mlangoni, wananipa nguo kupitia dirishani, tena amemwahidi mama yake asali ya kutuliza kifua, mama mkwe akaja kuchungulia, akadungwa shingoni, midomo ikavimba, pumzi zikawa za kuvuta, tukamkimbiza zahanati, alipona, lakini Jumamosi anarudi, maana mwanawe anasema nyuki wakali ndio wenye asali nyingi, nikisema ukweli nitaitwa mwongo, nikinyamaza silali, nifanyeje?

Fundi wa Barazani

Fundi, pole, lakini jamani! Petroli uliikwepa vizuri, kisha ukaulea uongo mpaka ukaota meno.

Leo hii msimamishe mumeo mbali, atazame. Kiota cha kijivu kama gazeti lililolowa, vyumba vimefunguka chini, wadudu wana kiuno cha uzi. Hapo hakuna asali, hata asubiri na chupa sitini. Wangejenga mwisho wa shamba ningesema waacheni, wanakula viwavi wa mboga. Juu ya mlango, hapana.

Hamisha cherehani. Msirushe jiwe wala maji, na dumu lifiche. Tafuta mtu wa kazi hiyo, aje giza likiingia, wote wakiwa wametulia kiotani, naye amejifunika mwili mzima. Baadaye uwe unachungulia bati mapema, kiota kikiwa sawa na kifungo cha koti.

Mama mkwe asikanyage hapo. Aliyevimba hivyo, akidungwa tena huenda asifike zahanati. Amuulize daktari dawa ya kutembea nayo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kabla hujala, piga simu: "Mama, usije, ni nyigu, na mimi ndiye niliyesema nyuki." Atafoka, mwache afoke. Ukishindwa kuyasema kwenye simu, utayasema msibani.